Barua ya wazi: Kura za siri haziwezi kuchukua nafasi ya upelelezi

Kwa wenye dhamana ya upelelezi, mashtaka na usalama wa raia, Kanda ya Ziwa

YAH: UPELELEZI WA MAUAJI YA MCHUUZI WA DAGAA KATIKA MJI WETU

Waheshimiwa,

Naomba kuwaandikia hadharani juu ya jambo ambalo tayari limepita katika ngazi zote za kawaida, kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa hadi wilayani, bila kupata jibu la maandishi. Mwishoni mwa giza lililopita, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, mwanamke aliyekuwa akinunua dagaa mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapopakulia samaki, na kuwakopesha wavuvi wadogo fedha za mafuta na chakula alikutwa ameuawa kati ya chanja za kuanikia, hatua chache kutoka majini. Vijana wawili wamo mahabusu kwa mauaji hayo. Barua hii inahusu namna walivyofikishwa huko, na kazi ambayo haijafanywa tangu wafikishwe.

Sitautaja mji wetu, wala jina la marehemu. Mnaohusika mnaujua. Mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba ukisema tu "yule mama wa chai karibu na mizani" umeshamtaja mtu, na baadhi ya nitakaowagusia ni mashahidi, au wangekuwa mashahidi kama wangeulizwa. Yale yasiyofaa kusomwa na kila mtu nimeyaandika katika barua nyingine iliyofungwa na kupelekwa kwa mkono.

Naandika kama mkazi, na pia kama mtu aliyewahi kukaa na majaji wa Mahakama Kuu katika kesi za mauaji kwa nafasi ya mshauri wa mahakama, yaani mzee wa baraza, kabla mabadiliko ya sheria ya 2022 hayajamwachia jaji uamuzi wa kuwa na washauri au kutokuwa nao. Sikusomea sheria. Hata hivyo, anayekaa pale na kusikiliza hujifunza kesi huvunjikia wapi, na nyingi kati ya zile nilizoona zikivunjika zilikuwa zimeshaharibika siku ya kwanza, kwenye eneo la tukio, miaka kadhaa kabla jaji hajafungua jalada.

Siku hiyo ya kwanza kwetu ilikwenda hivi. Wanaoanika dagaa hufika mwaloni kabla ya alfajiri, kwa kuwa mitumbwi hurudi wakati huo na dagaa wakichelewa kuanikwa huharibika. Wenye chanja huanika juu ya chanja. Wasio na chanja, ambao ndio wengi, hufagia mchanga kwa fagio la chelewa, kisha humwaga ndoo zao hapo chini. Dagaa wao mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku na bei yake ni ndogo, lakini ndiyo riziki waliyonayo. Asubuhi ile akina mama walifagia gizani kama kawaida, wakianzia ukingoni mwa maji na kupanda juu, na walipoufikia mwili walikuwa wameshafuta kila unyayo uliokuwa upande wa ziwa. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Kuanzia hapo lawama inapata mwenyewe. Taarifa ilipigwa kituoni kabla jua halijachomoza, askari wakafika baada ya adhuhuri, na tulielezwa kwamba gari halikuwa na mafuta; ya safari ile ilibidi wenye mitumbwi wayachangie. Walipofika hawakuzungushia eneo utepe wala kamba, na sikuona mtu akichora ramani ya eneo la tukio. Picha zilipigwa kwa simu ya askari mmoja. Tochi na kandambili moja viliokotwa kwa mikono mitupu na kutiwa katika kiroba kilichokuwa na unga, ambacho mwenye duka jirani alikitoa kwa kuombwa. Hakuna mkazi aliyetia saini hati yoyote ya kuchukuliwa kwa vitu hivyo. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba kielelezo lazima kijulikane kilipatikana wapi, kikachukuliwa na nani, kikakabidhiwa kwa nani na kikahifadhiwa vipi mpaka kinafika kizimbani. Kwa tochi ile, swali la pili tu litakuwa gumu kujibiwa.

Baadaye, kabla matanga hayajaanuliwa, tuliitwa kwenye mkutano mbele ya ofisi ya kata. Kuhudhuria kulikuwa lazima, sungusungu wakiita majina. Kila mtu mzima alipewa kipande cha karatasi kilichokatwa kutoka daftari la shule na kuambiwa aandike jina la anayemshuku. Karatasi zilikusanywa katika ndoo na kuhesabiwa ndani ya ofisi. Vijana wawili waliopata kura nyingi walikamatwa jioni ileile.

Kura za siri si jambo geni Kanda ya Ziwa. Mwaka 2009, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa, serikali yenyewe iliendesha kura za namna hiyo ili kuwabaini wauaji. Sitabisha kwamba karatasi isiyo na saini huweza kumpa mpelelezi mahali pa kuanzia, hasa pale ambapo watu wanaogopa kusema kwa midomo yao. Lakini mwaka huohuo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilipotoa hukumu za kwanza katika kesi za mauaji ya watu wenye ualbino, majaji hawakuhesabu kura. Walisikiliza mashahidi na kupima vielelezo. Kwetu kura ndiyo ilikuwa mwanzo, na kwa kadiri tunavyoona imekuwa pia mwisho.

Tazameni basi waliopigiwa kura ni nani. Vijana hawa wawili ni vibarua wa mtumbwi waliokuja msimu huu kutoka mkoa mwingine. Hawana shangazi hapa mjini, hawana ukoo wa kuwasemea, hawajui kwa nani waende kulia. Aliyefuata kwa kura ni bibi mmoja anayekaa nyuma ya soko, ambaye kosa lake ni kuwa na macho mekundu. Amekausha samaki kwa moshi tangu enzi za sangara wengi, na yeyote aliyewahi kuinama juu ya tanuri la samaki anajua macho hugeuka nini baada ya miaka ya kazi hiyo. Usukumani tunajua vizuri mno mwanamke mzee mwenye macho mekundu hupatwa na nini jina lake likishatajwa hadharani. Bibi huyo sasa amehamishiwa kwa mwanawe, na nyumba yake imepigwa mawe usiku. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, na ramli chonganishi zilipigwa marufuku, lakini sijasikia mtu hata mmoja akihojiwa kuhusu mawe hayo. Mkutano ulioitishwa ili watu wamtaje muuaji umeandaa, kwa mikono ya ofisi ya umma, uwezekano wa kuuawa mtu wa pili.

Yapo mambo ambayo mkoa huu haupaswi kukumbushwa na mtu wa kijijini. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa katika msako wa kukomesha mauaji, hasa ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola kwa mateso ya kutafutiwa maungamo. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa si yeye aliyeshika rungu. Nia ya msako ule ilikuwa njema kabisa. Walitaka wauaji wakamatwe, kama sisi tunavyotaka, na wananchi wengi waliwashangilia mpaka maiti zilipoanza kutoka.

Nalitaja hilo kwa sababu tunasikia kwamba mmoja wa vijana ameandika maelezo ya kukiri. Sina ushahidi kwamba aliguswa, na sitasema aliguswa. Nasema tu kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, zinazoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu, na kwamba upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kuwa ungamo lilitolewa kwa hiari. Siku kijana atakapoyakana maelezo hayo mbele ya jaji, na mara nyingi hukanwa, jaji atauliza ni ushahidi gani mwingine unaoyaunga mkono. Hapo ndipo ninapoogopa, kwa kuwa ushahidi huo mwingine upo, au ulikuwepo, na hakuna aliyeufuata.

Nianze na wavuvi wenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta pale tu anga linapokuwa jeusi. Mwezi ukikua kambi husimama, matajiri wa mitumbwi hufunga hesabu na vibarua wao, na watu hutawanyika. Marehemu aliuawa usiku wa kufunga hesabu. Hakuna usiku mwingine katika mwezi ambapo mwalo una watu wengi wenye fedha mfukoni, pombe kichwani na madeni ya kulipa au kukwepa. Kufikia siku ya mkutano wa kura, sehemu kubwa ya waliokuwa mwaloni usiku ule walikuwa wameshaondoka: wengine Ukara na Irugwa, wengine Kome na Maisome, wengine Goziba upande wa Kagera, wengine makwao Kwimba na Magu kulima. Kwa maneno mengine, kura ilipigwa na watu waliokuwa wamelala majumbani mwao, ikawakamata wawili ambao hawakukimbia. (Mtu aliyeua na kisha akabaki kambini akisubiri giza lijalo ni muuaji wa ajabu kidogo, ingawa nakubali kwamba wa ajabu nao wapo.)

Orodha ya walioondoka haihitaji ramli kuipata. BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wetu, ina rejista ya mitumbwi, kila mtumbwi una namba na leseni, kila tajiri anajua aliondoka bandarini na nani na alimlipa nani usiku ule. Katibu wa BMU anakaa umbali wa kutupa jiwe kutoka chanja zile. Hajaulizwa. Baadhi ya waliotawanyika watarudi giza hili, wengine watapata kambi nyingine na hawataonekana tena upande huu wa ziwa, na kila mzunguko wa mwezi unaopita unatupunguzia mashahidi ambao hakuna hati ya wito itakayowapata.

Kisha kuna daftari. Sifichui siri, kwa sababu kila mtu mwaloni alikuwa akimwona marehemu nalo kwapani, daftari kubwa lenye jalada gumu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, ambamo aliandika kwa kalamu ya bluu aliyekopa na kwa kalamu nyekundu aliyelipa. Miezi ya karibuni alikuwa ameanza pia kununua mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo, ambayo kilo yake moja huuzwa kwa bei ambayo mchuuzi wa dagaa haioni kwa majuma. Jina la mtu kuwamo katika daftari la madeni halimfanyi kuwa muuaji. Nusu ya mji ungekuwa mahabusu. Lakini ni vigumu kuelewa upelelezi wa mauaji ya mkopeshaji usioanza kwa kusoma anadai akina nani. Ndugu zake walikwenda kituoni kueleza lilipo. Waliambiwa warudi siku nyingine.

Kuhusu simu yake, tumejibiwa kwamba haijapatikana. Hilo linaweza kuwa kweli na lisiwe na uzito mkubwa. Tangu 2020 laini inayotumika nchini inapaswa kuwa imesajiliwa kwa alama za vidole, na biashara yake karibu yote ilipita kwenye miamala ya simu. Rekodi za aliyempigia mwisho, na za fedha zilizoingia na kutoka usiku ule, haziko ndani ya kile kifaa kilichopotea. Zinaombwa kwa barua.

Upo pia utambuzi. Inasemekana yupo aliyewaona vijana hao karibu na chanja usiku. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, lililoamuliwa mwaka 1980, mahakama zetu huuliza maswali yaleyale kila mara mtu anapodai kumtambua mwenzake gizani: alikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla, na mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani. Taa za barabarani za sola pale mwaloni haziwaki tangu betri zake ziibwe. Mwanga pekee ungeweza kutoka kwenye taa za kuvulia za mtumbwi uliokuwa umetia nanga, na taa hizo zina tajiri, na tajiri huyo anajua kama ziliwashwa usiku wa kufunga hesabu, wakati ambapo wengi hawavui. Swali moja kwake lingeweza kumwimarisha shahidi huyo, au kumwondoa kabisa. Halijaulizwa.

Juu ya uchunguzi wa mwili nitasema kidogo. Mazishi yalifanyika haraka, na familia haijaonyeshwa ripoti ya daktari. Mwanza kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, na ipo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa ajili ya vinasaba na sumu. Kama sampuli zilichukuliwa, tunashukuru. Kama hazikuchukuliwa, itabidi mtu aombe amri ya mahakama ya kufukua kaburi, na ni bora familia iandaliwe mapema kuliko kushtukizwa.

Nawaomba msiione barua hii kuwa ni utetezi wa washtakiwa. Inawezekana ndio waliofanya. Ndiyo sababu nahangaika. Kosa la kuua kwa kukusudia halina dhamana, na adhabu yake katika vitabu vyetu ni kunyongwa, hata kama kwa miaka mingi hakuna aliyenyongwa. Kesi yenyewe huanzia mahakama ya chini isiyo na mamlaka ya kuisikiliza, ikatajwa na kuahirishwa kwa maneno ambayo kila mahabusu anayajua kwa moyo, "upelelezi haujakamilika", mpaka jalada lipite kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na kufika Mahakama Kuu. Kama ni wao, watakaa miaka, kisha wataachiwa kwa sababu ya kiroba cha unga na ungamo lisilo na mwenzake. Kama si wao, watakaa miaka ileile, na aliyeua ataendelea kuja mwaloni kununua dagaa. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyomkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, ilipendekeza hata kuwe na chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Sisi hatuwezi kukisubiri chombo hicho. Tunaomba kilichopo kifanye kazi.

Mji wetu haukuwa na nafuu kabla ya hili. Wakati viwanda vya minofu vya Mwanza vilipokuwa na nguvu, magari ya barafu yalilala hapa. Sangara walipopungua kituo cha kukusanyia samaki kikafungwa na vijana wakahamia migodini Geita. Kilichobaki ni dagaa, na dagaa ni kazi ya wanawake na ya usiku. Sasa wanawake wengi hawaendi mwaloni mpaka kupambazuke vizuri, na kufikia saa hiyo mitumbwi imeshauza kwa wachuuzi wenye magari kwa bei ya hasara. Malori ya wanunuzi hupakia na kuondoka kabla ya jua kuzama. Sidhani kama kuna ofisi inayohesabu ushuru uliopotea kwa njia hiyo, lakini halmashauri itauona.

Kwa hiyo tunaomba jalada hili lichukuliwe na wapelelezi wa ngazi ya mkoa ambao hawakuhusika na mkutano wa kura, na wakili wa serikali asimamie upelelezi huo tangu sasa, kwa kuwa sheria inampa Mkurugenzi wa Mashtaka nafasi ya kuuratibu na si kuupokea tu mwishoni. Tunaomba mpelelezi afike kwa katibu wa BMU kabla kambi hazijavunjika tena, na daftari lichukuliwe kwa hati yenye saini mbele ya mashahidi. Wenye la kusema wapo. Wanachotaka kujua ni kama Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inafika mpaka kwenye mji kama huu, ambako askari wa kituo na mtuhumiwa wanaweza kuwa wamepanga nyumba moja. Bibi wa nyuma ya soko apewe ulinzi na warusha mawe watafutwe. Vijana wawili waruhusiwe kuonana na ndugu zao, ambao nadhani hata hawajajulishwa, na wapatiwe mtoa msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017. Ikionekana hakuna linalowaunganisha na kifo hiki isipokuwa karatasi za ndoo, waachiwe sasa.

Tunaomba pia jibu la maandishi. Halihitaji kufichua chochote cha upelelezi. Litaje tu cheo cha ofisa anayelishika jalada na namba ya simu ambayo shahidi anaweza kuipiga bila kupitia kituo chetu, na libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata na ule wa BMU kabla mitumbwi haijaingia majini giza lijalo.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mkazi wa mwaloni, aliyekuwa mzee wa baraza